Kitenge Juu ya Sola

Moduli ya redio, kile kibao kidogo cha kurusha na kudaka mawimbi, ikiwa peke yake mezani haina ugomvi na mtu. Nalisema hili mapema, nisije nikaonekana nalalamikia bidhaa. Pale Same, kwenye kibanda changu cha bati karibu na stendi, naiweka juu ya gazeti, naipa betri, na inazungumza na mwenzake niliyemweka ng'ambo ya barabara bila kupoteza neno, lori lipite, upepo upige, vumbi liingie hadi kwenye chai. Imetulia kama mgeni sebuleni. Siku unayoifunga ndani ya nyumba ya watu, pamoja na chaja, taa na nyaya zao, ndipo inapoanza kutosikia. Na mteja naye anapanda basi kuja kuniambia maneno ambayo yameshanichosha mpaka mgongo: "Fundi, juzi ilikuwa inafanya kazi."

Najua ilikuwa inafanya kazi. Niliijaribu mara mbili. Mimi kila kitu najaribu mara mbili. Skrubu nazihesabu zikitoka, nazihesabu tena zikirudi, maana stendi imenifundisha kwamba kitu ulichokihesabu mara moja hujakihesabu, umekitazama tu. Lakini kelele za redio hazihesabiki. Huzioni, huzishiki, ukizifuata zinahama. Nimezeeka nazo kazini na bado zinanifanyia dharau.

Kazi ninayotaka kuisimulia ilikuwa milimani, juu ya Maore, ambako asubuhi ukungu unashuka kutoka msituni na kukaa juu ya migomba kana kwamba umealikwa. Watu wa kule wanalima tangawizi na maharage, na maji yao yanatoka kwenye ndiva. Kwa asiyeijua, ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo lililojengwa na wazee wa wazee wao ubavuni mwa mlima. Usiku kijito kinaingia humo kinajaza. Asubuhi tundu linazibuliwa, maji yanashuka kwenye mfereji, shamba kwa shamba, kwa zamu. Zamu ndiyo kila kitu. Maji yakielekezwa kwako, uwe shambani na jembe, ufungue mdomo wa mfereji wako, uyapokee. Usipokuwepo yanapita, yanaangukia korongoni, na mgawa maji aliye juu akipata habari kwamba yanamwagika, anaziba na kumpa mwingine.

Zamani palikuwa na mpiga pembe. Maji yakigeuzwa, alisimama ukingoni mwa ndiva akapuliza, na mlima mzima ukajua ni zamu ya nani. Alifariki, na hakuna aliyejitokeza kurithi mapafu yake. Wakajaribu filimbi, filimbi haikuvuka kilima. Wakajaribu simu, mtandao huko una mahali pake pa kukaa, na aghalabu si nyumbani kwa mtu. Ndipo kamati ya maji ikanifuata mjini.

Niliwatengenezea kitu rahisi. Kwenye ndiva, boksi lenye vitufe: mgawa maji anabonyeza kitufe cha anayefuata. Kwenye nyumba za mbali, boksi dogo lenye moduli ya kupokea na kengele. Kengele ikilia, chukua jembe. Basi. Tulipatana baada ya mazungumzo marefu ambayo mwenyekiti wa kamati, mzee wa kanisa, mpole wa sauti na mgumu wa kichwa, aliyaendesha kana kwamba yuko mnadani anachagua ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe ni mimi. Nilibakia na shaka kwamba alitaka kunitazama meno.

Nyumba ya mwisho kabisa ni ya bibi mmoja mjane. Wenzake wanapata maji asubuhi. Yeye yuko mkiani mwa mfereji, nyuma ya bega la mlima, na maji yakimfikia ni mchana, pengine saa sita, pengine saa nane, kutegemea waliotangulia wameyachezea kiasi gani. Goti lake moja limeshagoma. Shamba lake la tangawizi liko chini ya nyumba, ng'ambo ya kibonde. Kwake nilifunga boksi kwa uangalifu ambao sijauweka hata nyumbani kwangu. Alikuwa na sola aliyoletewa na mwanawe kutoka Dar, nikachukua umeme humo. Lakini waya wa paneli niliuacha upande wa jikoni ulikokuwa, na waya wa antena nikaupitisha upande wa pili wa nyumba, ukapanda juu ya mwanzi mrefu niliousimamisha nyuma ya nyumba.

"Bibi," nilimwambia, "nyaya hizi mbili zisikaribiane. Zichukulie kama mtu na wifi yake."

"Nimesikia, mjukuu wangu," akasema. "Na wifi yangu alikuwa wa mbali hivyo hivyo."

Kiangazi kilipokolea, mwenyekiti alinipigia simu. Bibi amekosa maji. Kengele haikulia.

Nikapanda. Kupanda kwenyewe si neno la kusema haraka: basi kutoka Same kupitia Kisiwani hadi Maore, halafu pikipiki juu ya mawe, magoti yangu yakikumbatia begi la vifaa, dereva akinihakikishia kwamba breki zipo. Nilifika asubuhi, ukungu bado umelala. Nikamwomba mgawa maji abonyeze kitufe. Kengele ikalia. Abonyeze tena. Ikalia. Nilikaza nyaya za betri hata hivyo, nikakagua kila kiungo ndani ya boksi, nikamwambia bibi kitu kiko sawa, nikawahi basi la kurudi. Nilikuwa nimechoka, na kitu kinachofanya kazi mbele yako ni vigumu sana kukitilia shaka.

Zamu iliyofuata akakosa tena.

Sasa jambo likawa zito. Kwa utaratibu wao, anayekosa zamu mara ya tatu mfululizo anahesabiwa kuwa halimi, na maji yake wanapewa wengine mpaka msimu mwingine. Si ukatili, ndivyo maji machache yanavyotosha watu wengi. Lakini tangawizi ya bibi ilikuwa tayari ardhini, na tangawizi iliyo ardhini haisubiri msimu mwingine. Zamu yake ya tatu ilikuwa Ijumaa. Alhamisi nikapanda tena.

Njiani nilikutana na maelezo ya kila aina. Mwanamke mmoja kwenye duka la mkaa alinambia bibi analala mchana. Dereva wa pikipiki alisema amekuwa kiziwi. Mwenyekiti, nilipomkuta uani kwa bibi akinisubiri na fimbo yake, alikuwa na lake.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, fundi. Kengele yako inaogopa jua."

"Kengele haina ngozi, baba."

"Mimi nakwambia nilichoona. Asubuhi inalia. Jua likitoka inanyamaza. Hata wazungu wanaokuja kupanda mlima wako hivyo hivyo."

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda anapepeta maharage. "Wanasema mimi kiziwi," akasema bila kuinua kichwa. "Juzi mwenyekiti alimnong'oneza katibu wake pale nje kwamba shamba langu linafaa kwa mwanawe. Nilisikia vizuri tu."

Mwenyekiti akakohoa. "Nilisema linafaa. Sikusema tumpe."

"Ndiyo. Masikio yangu yamesikia hilo pia."

Nilimuuliza bibi kwa nini siku ya zamu asiende tu kukaa shambani tangu asubuhi, angoje maji. Akaniangalia kama mtu anayeangalia bei iliyopandishwa ghafla.

"Miaka yote hiyo nilikuwa nikikaa. Jua lote, kama sanamu la kufukuza nyani. Siku nyingine maji hayaji kabisa. Goti likakataa. Kengele ilikuja ili nisikae. Sasa kama nikae, wewe ulikuja kufanya nini?"

Nikafungua begi.

Nilikuwa nimepita kwenye ndiva na kukubaliana na mgawa maji abonyeze kitufe cha bibi mara kwa mara bila kufungua maji, tusikie. Ukungu ulikuwa bado, na kengele ikalia vizuri, kali, mbuzi wakashtuka. Tukakaa. Saa nne hivi ukungu ulianza kupasuka, jua likaanguka uani, likapanda juu ya paa. Kengele ikanyamaza. Sisi watatu tuliitazama kama tunaotazama mtoto aliyesahau shairi jukwaani. Baadaye wingu likapita juu yetu, kivuli kikafunika nyumba, kengele ikalia kidogo. Wingu likaondoka, kimya.

"Umeona?" akasema mwenyekiti. "Ina aibu."

Ukweli alikuwa ameona sawasawa, na mimi nilikuwa nimeshaanza kujua. Nilitoa redio yangu ndogo ya mfukoni, ile ya betri mbili ninayotembea nayo popote. Wengine wana mashine za bei mbaya za kupimia mawimbi. Mimi nina redio ya zamani ambayo hata mwizi aliirudisha. Unaiweka katikati ya stesheni, pale pasipo na mtu anayeongea, kunakosikika mvumo laini tu. Halafu unatembea nayo. Ikifika karibu na kitu kichafu, inanguruma.

Uani ilivuma tu. Mlangoni ilivuma. Ndani, karibu na chaja ya sola ukutani, ile inayojaza betri kwa umeme wa paneli, ilinguruma kama mashine ya kusaga. Hilo sikulishangaa. Chaja hizi za bei ya chini zinafungua na kufunga umeme wa paneli upesi sana, maelfu ya mara kwa sekunde. Chukua tundu la ndiva, lizibue na kuliziba upesi hivyo, uone maji yatakavyoruka huku na huku na kumlowesha kila mtu. Umeme nao unaruka. Sikio la moduli linalotafuta sauti ndogo iliyotoka mbali, nyuma ya bega la mlima, linapigwa na mivumo hiyo na halisikii tena. Wa nyumba za karibu na ndiva wanapata sauti kubwa, kelele haziwasumbui. Huyu wa mwisho anapata sauti iliyochoka kama mimi.

Lakini nililijua hilo tangu siku ya kwanza, ndiyo maana nilitenganisha nyaya. Kwa hiyo nikatoka nje na redio, nikaenda kwenye mwanzi wa antena, mbali kabisa na chaja. Hapo palitakiwa pawe kimya.

Palinguruma.

Nikainua macho. Waya wa antena haukupita tena upande niliouacha. Ulizunguka nyumba chini ya upenu, na haukuwa peke yake. Ulikuwa umesukwa pamoja na waya wa paneli, kamba ya katani katikati, nyuzi tatu zikipishana, safi, sawa, kila fundo na nafasi yake, kuanzia jikoni hadi kwenye mwanzi. Nimeona mikeka isiyosukwa vizuri hivyo. Kila kelele iliyotoka kwenye chaja ilipanda kwenye waya wa paneli, na kwa kuwa antena ilikuwa imekumbatiana nao kwa mita zote zile, ikapewa kelele hiyo mkononi.

"Bibi," nikasema polepole. "Nani amefanya hivi?"

Bibi akatazama maharage. Mwenyekiti akanyoosha mgongo.

"Msaragambo," akasema.

Msaragambo ndiyo kazi ya pamoja ya Upare, kila nyumba inatoa mtu: barabara, shule, mfereji, ndiva yenyewe. Huendi, unatozwa. Kumbe siku waliyosafisha ndiva walimaliza mapema, majembe yakiwa bado mikononi, na wakaona aibu kurudi nyumbani mchana. Wakasema twende kwa bibi, paa lake limelegea. Wakapiga misumari paa. Mtu akaona nyaya zinaning'inia huku na huku, kila moja na njia yake, kama nyumba isiyo na mwanamume. Wakaziweka pamoja.

"Nilisuka mwenyewe," mwenyekiti akasema. "Kamba za ng'ombe ninazosuka hazijawahi kukatika."

"Bibi, si nilikwambia zisikaribiane?"

"Uliniambia."

"Ukawaambia?"

"Watu wametoka kijiji kizima kuja kunifunika paa," bibi akasema, "nisimame niwaambie wasiguse waya wangu? Wewe ungewaambia?"

Mimi ni mtu wa stendi, ningewaambia. Lakini mimi siishi pale.

Nikachukua kisu kutoka kwenye begi. Mwenyekiti akaweka fimbo yake katikati yangu na ukuta, taratibu tu, kama anayefunga lango.

"Fundi, kazi ya msaragambo haifunguliwi na mtu mmoja."

"Baba, naikata kamba ya katani. Siibomoi shule."

"Ni ile ile. Waliofunga watasikia kwamba fundi wa mjini amekuja akakata. Kesho nikiita watu kusafisha ndiva, atakuja nani? Wataniambia, itengenezeni, fundi atabomoa."

Nilitaka kucheka, lakini alikuwa anasema kweli, na wote tulijua. Mtu akianza kuona jasho lake linaweza kukatwa na yeyote mwenye kisu, hatatoka nyumbani kwake tena. Nikarudisha kisu. Nikaanza biashara.

"Basi nishikie wewe, nifungue mimi. Tuwe wawili."

"Wawili si msaragambo."

"Na bibi, watatu."

"Bibi ndiye aliyefanyiwa. Hahesabiki."

"Msaragambo ni wangapi?"

"Waliokuwepo."

"Waite leo."

"Leo watu wako sokoni. Jumamosi nitaita, watakuja, utasema lako, watafungua wenyewe. Kwa heshima."

"Zamu ya bibi ni kesho, baba. Kesho akikosa, Jumamosi utakuwa unafungua waya wa mtu asiye na maji."

Alijua hesabu hiyo kuliko mimi. Yeye ndiye angesimama mbele ya kamati kuisoma. Bibi aliacha kupepeta. Ule ungo uliosimama ulinisumbua kuliko maneno.

"Isogezeni zamu," nikasema.

"Nikimsogezea yeye, kuna wengine wanaotaka kusogezewa tangu mimi sijazaliwa."

Nilikaa kwenye jiwe. Kichwa kilikuwa kinauma, nilikuwa sijala tangu Kisiwani, na redio yangu bado ilikuwa inanguruma kwenye mapaja. Wingu lingine likapita. Redio ikanyamaza, ikabaki na mvumo wake laini. Nikaitazama. Nikatazama juu, paneli iliyolala juu ya paa la jiko, chini chini, mtu anaifikia kwa mkono.

"Mwenyekiti. Nani anakatazwa kufunika?"

"Kufunika nini?"

"Paneli. Jua lisipoigusa, chaja haina kazi ya kufanya, kelele hazipo. Betri ina umeme wa kutosha kengele mpaka jioni. Sifungui, sikati, sigusi fundo lako hata moja. Nafunika."

Alizunguka nyumba yote akiangalia suko lake, akarudi.

"Kufunika hatukukataza."

Bibi alinyanyuka, akaingia ndani na goti lake, akatoka na kitenge kikubwa kipya, sare ya umoja wa akina mama wa kanisa. Nilimwambia hicho ni kizuri mno, alete blanketi au gunia.

"Gunia lina maharage. Kitenge kinaenda kanisani Jumapili," akasema. "Kesho ni Ijumaa."

Nilikikunja mara mbili, nikakitandaza juu ya paneli. Ndani, redio mkononi, nilisikia mngurumo ukififia mpaka ukaisha. Mgawa maji alipobonyeza tena, kengele ililia juani, saa sita kamili ya mchana, na mwenyekiti akaivulia kofia.

Nililala kwa bibi. Ijumaa ikapambazuka bila ukungu hata kidogo, anga safi kana kwamba imeoshwa kwa ajili ya kutukomesha. Tukafunika mapema. Mwenyekiti alikuja, alisema anapita tu, akakaa. Wa juu walianza kunywesha mashamba yao. Tungeweza kuwasikia wakiitana, mbali. Saa sita ikapita. Saa saba ikapita. Bibi alikuwa ameshaweka jembe mlangoni, akalitoa, akaliweka tena. Mimi nilitoka kukagua kitenge, nikarudi, nikatoka tena.

"Fundi, unamtia hofu," mwenyekiti akasema.

"Anatiwa hofu na wewe na fimbo yako."

"Mimi nipo kama shahidi."

"Shahidi wa nani? Wa mwanao anayefaa shamba?"

Bibi alicheka, mara ya kwanza tangu nifike. Na katikati ya kicheko hicho kengele ikalia.

Ililia kwa sauti ya kawaida tu, ile niliyoisikia mezani Same siku nyingi. Bibi alichukua jembe, akateremka, goti likimvuta upande, nami nikamfuata, na mwenyekiti nyuma yangu akisema tupunguze mwendo kana kwamba tungeweza. Tulivuka kibonde. Majani ya tangawizi yalikuwa yamejikunja, kingo zake za kahawia, na udongo ulikuwa na nyufa za kuingiza kidole. Bibi alisimama kwenye mdomo wa mfereji wake. Maji yalikuja yakisukuma majani makavu na povu mbele yao, na ndala moja ya mtoto wa mtu. Akapiga jembe mara moja, tonge la udongo likatoka, maji yakageuka yakaingia kwake. Alisimama humo, miguu ndani, akiyaelekeza kwa jembe mstari kwa mstari, hataki msaada wa mtu.

"Amepokea," mwenyekiti akasema, kwa sauti ya kikao. Halafu, kwa sauti yake, "Ashukuriwe Mungu. Mwanangu ana shamba la kutosha."

Jumamosi msaragambo ulikuja. Watu wengi, na kila mmoja na maoni. Niliwaeleza kelele ni nini, nikazungusha redio ya mfukoni isikilizwe na wote, na ule mngurumo ulipotoka kwenye suko lao wenyewe walitikisa vichwa kama waliomfumania ndugu. Wakafungua fundo kwa fundo, bila kisu. Antena ikarudi upande wake. Kwenye waya wa chaja nilivisha pete nyeusi ya sumaku ya kubana kelele, niliyoitoa kwenye waya wa kompyuta iliyokufa, nikaongeza kapasita karibu na moduli ya kutuliza umeme unaoingia, nikaifunga moduli kwenye kiboksi cha bati, mbali na chaja kadiri nyumba ilivyoruhusu. Nikajaribu juani, mara mbili. Ikalia zote, na mwenyekiti akaivulia kofia tena. Mwenyekiti alitaka kusuka waya wa antena peke yake na katani, usiwe uchi. Nikamruhusu. Mtu ana fani yake.

Kelele hazikuisha. Hilo niliwaambia pia, na nadhani hawakupenda. Huwezi kuziondoa, unazisukuma mpaka mahali ambapo hazimzuii mtu kusikia, na unaomba zikae huko. Kuna siku mtu ataleta friji, au taa mpya za bei poa, nami nitapanda tena basi la Kisiwani.

Kiangazi kilichofuata nilipanda, si kwa bibi, kwa nyumba nyingine. Nikapita kumsalimia. Tangawizi ilikuwa imeuzwa, nyingine imepandwa, na pale juu ya paa la jiko, juani, saa sita ya mchana, kitenge cha umoja wa akina mama kilikuwa kimetandazwa juu ya paneli.

"Shikamoo, Bibi. Leo zamu yako?"

"Marahaba. Leo."

"Mbona umefunika? Si nilitengeneza?"

"Ulitengeneza."

"Inalia hata bila kufunika. Tulijaribu na watu wote wakaona."

"Nakumbuka. Hata mwenyekiti alivua kofia."

"Basi tufunue, nikuoneshe tena."

"Nioneshe siku ya zamu ya mwenzangu," akasema. Alinisogezea kigoda. "Mjukuu wangu, wewe ukikosea unarudi Same. Mimi nikikosa nitarudi wapi?"

Nikakaa. Nilikuwa na maneno ya kusema, kuhusu pete na kapasita na boksi la bati, na mgongo ulikuwa unaniuma kwa sababu ya pikipiki. Tulingoja kengele, jembe mlangoni. Upepo ulipanda kutoka bondeni, ukainua pembe moja ya kitenge, na mwanga ukaangukia kona ya paneli. Niliinuka, nikairudisha pembe ile mahali pake, nikaiwekea jiwe. Halafu nikatafuta jiwe la pili.